Gari la turbo lisilovuta: jinsi ya kuitafuta presha iliyopotea

Ukitoka Likoni kuelekea Kwale kwa gari kuukuu lenye turbo, utaijua afya yake mara tu unapoiacha Kombani na kuanza kupanda. Gari zima hukwea mlima ule bila kunung'unika. Gari ambalo presha ya turbo yake imeshuka huteremshwa gia moja baada ya nyingine, huku likitoa moshi mweusi na matatu zikilipita kwa honi. Katika mitaa ya Mombasa, ambako barabara ni tambarare na msongamano haukuruhusu kwenda kasi, hitilafu hiyo hiyo inaweza kukaa miezi mingi bila dereva kuitambua.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye gari la namna hiyo: Prado au Hilux Surf yenye injini ya 1KZ, Pajero ya zamani ya dizeli, Subaru ya petroli yenye turbo, au jingine la umri huo. Hatua zimepangwa kuanzia zile rahisi zisizogharimu chochote, na turbo yenyewe imewekwa mwisho. Mpangilio huo ni wa makusudi, kwa kuwa katika gereji zetu nyingi mambo hufanywa kinyume: gari likikosa nguvu, turbo hutangazwa kuwa imekufa kabla boneti haijafunguliwa. Mimi mwenyewe niliwahi kununua turbo ya mtumba kwa ushauri wa aina hiyo. Ilifungwa kutwa nzima, na kesho yake gari likapanda Kwale kwa uvivu uleule. Kosa lilikuwa mpira mmoja wa hewa uliopasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki.

Presha inatoka wapi na inapotelea wapi

Moshi unaotoka kwenye silinda hupita katika feni moja ya turbo na kuizungusha. Feni hiyo imeungwa kwa shafti fupi na feni ya pili, ambayo huvuta hewa kupitia filta, huibana, na kuisukuma hadi kwenye manifoldi ya kuingilia (mabomba yanayogawia silinda hewa), mara nyingi ikipitia kwanza kwenye intakula ili ipoe. Kilango kiitwacho westigeti hupitisha sehemu ya moshi pembeni ya feni pindi presha inapofikia kiwango kilichowekwa na kiwanda, ili injini isizidiwe.

Kwa hiyo, presha ikipungua, sababu ni lazima iwe miongoni mwa hizi: hewa haiingii ya kutosha, hewa iliyokwisha kubanwa inavuja, moshi haufiki kwenye feni kwa nguvu inayotakiwa au hauna pa kutokea, injini inachoma mafuta kidogo kiasi kwamba moshi wenyewe ni hafifu, au turbo imechakaa. Kila hatua inayofuata inafuta sababu moja katika orodha hiyo, na ndiyo maana haifai kuruka hatua kwa sababu tu rafiki aliye na gari kama lako alikuta kosa mahali fulani.

Pima kabla ya kununua chochote

Hakikisha kwanza kwamba kilichopungua ni presha, maana gari huwa zito kwa mambo mengine pia. Klachi inayoteleza utaitambua kwa mshale wa mizunguko kupanda bila kasi ya gari kuongezeka. Breki zinazong'ang'ania, jambo la kawaida hapa Pwani kwa sababu chumvi hula pistoni za kalipa, utazigundua kwa kusogeza kiganja karibu na rimu baada ya mwendo mfupi: gurudumu moja litakuwa la moto kuliko mengine.

Kisha tafuta geji ya presha ya turbo inayosoma angalau baa 2, yaani karibu PSI 30. Iunge kwa kiungo chenye umbo la T kwenye mpira mwembamba unaotoka manifoldi ya kuingilia kwenda kwenye sensa ya presha, na uupitishe mpira wa geji hadi ndani ya gari kwa njia ambayo boneti haitaubana. Mpira uliobanwa na boneti husoma sifuri, na sifuri hiyo imewahi kuuza turbo nyingi.

Usipime gari likiwa limesimama. Kosa ambalo nimeliona mara nyingi kuliko mengine yote ni la fundi kupiga resi uwanjani, kuona mshale ukisogea kidogo tu, na kutoa hukumu papo hapo. Turbo huzunguka kwa wingi na joto la moshi, na moshi huwa mwingi na wa moto pale injini inapobeba mzigo. Injini isiyobeba mzigo haitoi presha ya maana hata ikipigiwa kelele vipi. Kwa sababu hiyo unahitaji mlima, na unahitaji mtu wa pili wa kusoma geji ili wewe uangalie barabara. Mlima wa Kombani hadi Kwale unafaa, na pia ule wa kutoka Miritini kwenda Mazeras, ingawa huu wa pili una malori mengi na ni bora uuendee Jumapili alfajiri.

Pasha injini moto kwanza. Ukiwa katika gia ya tatu na mizunguko 2,000 kwa dakika, kanyaga mafuta hadi mwisho na uache injini ipande hadi karibu 3,500, bila kuvuka kasi inayoruhusiwa. Kwa gari la otomatiki, zima kitufe cha O/D kwenye mkono wa gia ili gia ya juu isiingie katikati ya kipimo. Msaidizi wako aandike mambo matatu: presha ilianza kupanda kwenye mizunguko mingapi, ilifika wapi, na kama ilibaki hapo au ilishuka.

Kiwango sahihi kimo katika kitabu cha ufundi cha injini yako. Kwa injini nyingi za zamani za dizeli zilizotoka kiwandani na turbo, kinaangukia kati ya nusu baa na baa 1, yaani takriban PSI 7 hadi 14. Lakini umbo la kipimo lina habari nyingi kuliko namba yenyewe. Presha inayochelewa kupanda lakini mwishowe ikafika huashiria uvujaji mdogo au feni nzito. Presha inayopanda hadi mahali fulani chini ya kiwango na kukwama hapo hutokana mara nyingi na westigeti isiyofunga au uvujaji mkubwa. Ile inayofika vizuri kisha ikaporomoka kadiri mizunguko inavyoongezeka hukufanya ushuku filta iliyoziba, mpira unaonywea kwa mvuto, au silensa iliyoziba.

Ikiwa unatumia mashine ya kusoma kompyuta ya gari badala ya geji, jihadhari na namba zake. Mashine nyingi husoma presha kamili, ambayo imejumlisha uzito wa hewa inayotuzunguka. Hapa Mombasa, usawa wa bahari, uzito huo ni karibu kilopaskali 101, kwa hiyo swichi ikiwashwa bila injini kunguruma mashine inapaswa kuonyesha takriban 101. Ikionyesha 150 mlimani, turbo imeongeza 49 tu, yaani nusu baa. Nimekutana na dereva aliyeridhika kabisa na 150 yake, akidhani amepata baa moja na nusu. Jijini Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, kipimo cha gari lililozimwa ni karibu 83, na ndiyo maana gari lililoletwa kutoka huko linapaswa kuhisi nafuu likifika Pwani. Likizidi kuwa zito baada ya kuteremka, tatizo limo ndani ya gari.

Hatua ya kwanza: njia ya kuingilia hewa

Fungua sanduku la filta. Toa filta uishike kuelekea jua. Kama mwanga haupenyi, ibadilishe. Kuipuliza kwa kompresa ya mtu wa pancha kwa presha kubwa hutoboa karatasi yake, na vumbi linalopita kwenye tundu hizo hula ncha za feni polepole kama msasa. Tazama pia ndani ya sanduku na kwenye bomba la kunyonyea hewa: gari linaloegeshwa chini ya mwarobaini au mwembe hukusanya majani, na panya nao hupenda kutengeneza kiota mahali penye joto na giza.

Baada ya filta, fuata mpira unaokwenda kwenye turbo. Mpira huu hauna presha ndani yake bali una mvuto, hivyo ukilegea kwa joto na mvuke wa mafuta hunywea pale injini inapohitaji hewa nyingi, halafu hurudi katika umbo lake ukisimamisha gari. Ubonyeze kwa vidole injini ikiwa imezimwa. Ukiwa laini kama mkate uliolowa, umekupa jibu. Wapo wanaouondoa na kuweka kipande cha mpira wa rejeta. Kipande hicho hakina waya wa kukizuia kunywea, na tatizo litarudi.

Hatua ya pili: uvujaji wa hewa iliyobanwa

Hapa ndipo makosa mengi hupatikana, na hapa ndipo Mombasa inapochangia zaidi. Joto la chini ya boneti hukausha mpira, mvuke wa oili huulainisha kutoka ndani, na hewa ya chumvi hula klipu hadi zikabaki na umbo la klipu bila nguvu yake. Klipu inaweza kuonekana imekaza, lakini ukiweka bisibisi na kuizungusha kidogo, meno yake yanaruka.

Anza kwa macho na vidole. Fuata njia yote kutoka turbo hadi intakula, na kutoka intakula hadi manifoldi. Utando mwembamba wa oili ndani ya mipira ni wa kawaida, kwa sababu mpira wa kupumulia wa injini humwaga mvuke wake kwenye njia ya hewa. Alama ya oili iliyochanganyika na vumbi nje ya mpira ni jambo jingine: hewa inatoka hapo na oili inafuatana nayo. Kunja kila mpira kwa mikono miwili, hasa upande wa chini na penye kona. Ule wangu ulionekana mzima hadi nilipoukunja kwa dole gumba. Ufa wa urefu wa kidole ukafunguka kama shavu la samaki, na nilipouachia ukajifunga pasibaki alama. Presha ilikuwa inafanya kazi ileile ya dole gumba langu kila nilipopanda mlima.

Macho yakikosa kuona, lazimisha uvujaji ujitokeze kwa kifaa ambacho unaweza kukitengeneza mwenyewe kwa vitu vya hadiwea. Nunua kifuniko cha bomba la PVC chenye kipenyo kinachoingia ndani ya mpira wa turbo, kitoboe katikati, na ufunge valvu ya tairi isiyotumia tyubu. Toa mpira unaoleta hewa kwenye turbo, weka kifuniko mahali pake, na ukikaze kwa klipu nzuri. Uchomoe mpira wa kupumulia wa injini na uzibe tundu lake kwenye njia ya hewa. Usipofanya hivyo, presha itaingia ndani ya injini yenyewe na inaweza kusukuma nje oili sili, yaani mipira inayozuia oili isivuje.

Sasa jaza hewa kwa pampu ya mguu, taratibu, na usivuke PSI 15. Kompresa isiyo na kidhibiti cha presha usiitumie kabisa, na wakati wote usisimame mbele ya kifuniko, maana kikichomoka hutoka kama risasi. Zima redio, mwombe jirani anyamaze, na usikilize. Uvujaji mkubwa hufoka, mdogo hupiga mluzi mwembamba. Ule usiosikika utafute kwa maji ya sabuni yaliyopakwa kwa brashi kwenye kila kiungo, kwenye mishono ya intakula, kwenye gasketi ya manifoldi, na kwenye mipira myembamba inayokwenda kwa sensa. Mapovu hayadanganyi.

Jambo moja huwachanganya wengi katika jaribio hili: unaweza kusikia hewa ikitoka kwenye silensa ijapokuwa hakuna mpira uliopasuka. Hiyo ni kwa sababu katika silinda moja valvu ya kuingizia na ya kutolea zote ziko wazi kidogo. Zungusha injini kwa spana kwenye bolti ya puli, robo mzunguko tu, kisha ujaze tena.

Intakula ikaguliwe kwa uangalifu wa pekee. Zile zenye matangi ya plastiki pembeni huvuja mahali plastiki inapokutana na alumini, na zile za alumini tupu hupata nyufa kwenye mishono kutokana na mtetemo, hasa bolti za kuishikilia zikiwa zimeoza kwa kutu na kuiacha ikicheza. Ikiwa imejaa oili ndani, ioshe kwa dizeli au kisafishaji cha mafuta na uiache ikauke kabisa kabla ya kuirudisha.

Mpira uliopasuka ubadilishwe. Najua desturi ya kuuzungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli, na sitaibeza, kwa kuwa imewarudisha watu wengi nyumbani kutoka Mackinnon Road usiku. Ni dawa ya kurudi nyumbani, basi. Mpira mpya uwe wa silikoni wenye tabaka za kitambaa ndani, na klipu ziwe za chuma kisichoshika kutu, ikiwezekana zile pana zinazokazwa kwa bolti na nati.

Hatua ya tatu: westigeti na kinachoiongoza

Kabla ya kugusa kitu hapa, ni lazima ujue turbo yako inaongozwa kwa njia gani, kwa kuwa dalili moja ina maana mbili zinazopingana.

Katika turbo za kawaida, kama ile ya 1KZ, kuna kopo dogo la chuma lenye kiwambo cha mpira na springi ndani, na rodi inayotoka humo kwenda kwenye westigeti. Presha ya turbo yenyewe, ikipitia mpira mwembamba, husukuma kiwambo na kufungua westigeti. Mpira huo mwembamba ukichomoka, westigeti haitafunguka kamwe na presha itazidi kiasi, haitapungua. Kwa hiyo, anayekuambia kwamba presha yako imeshuka kwa sababu mpira wa kopo hilo umepasuka, katika turbo ya aina hii, amekosea.

Katika turbo nyingine, zenye mabawa madogo yanayobadilisha njia ya moshi, kopo huendeshwa kwa mvuto kutoka kwenye pampu ya vakyumu, na kuna nyingine, kama zile za injini ya 1KD ya Prado, ambazo huendeshwa kwa mota ya umeme. Kwenye ile ya vakyumu, mpira mwembamba ukipasuka mabawa hubaki wazi na presha hushuka sana. Hapo ndipo mipira myembamba ya shilingi chache inastahili kuwa mtuhumiwa wa kwanza. Unga geji ya vakyumu kwenye mpira utokao pampuni injini ikiwa inanguruma polepole. Isome karibu inchi 25 za zebaki au zaidi. Kisha upime tena baada ya solenoidi, ambayo ndiyo hugawa mvuto huo kwa amri ya kompyuta.

Kwa turbo ya kawaida, jaribu rodi hivi. Injini ikiwa baridi, ishike kwa koleo na uivute: inapaswa kuwa ngumu kwa nguvu ya springi, isogee milimita kadhaa bila kukwaruza, na irudi yenyewe ikilia kwa kugonga chuma. Ikikwama nusu njia, kutu au masizi yameishika. Ikisogea kwa urahisi mno, springi imechoka, na westigeti inafunguka mapema. Halafu chomoa mpira mwembamba, unga pampu ya mkono yenye geji, na utie presha taratibu huku ukitazama rodi inaanza kusogea kwenye kiwango gani. Geji ikishuka yenyewe, kiwambo kimetoboka.

Rodi iliyokwama lakini isiyovunjika huweza kuokolewa kwa mafuta ya kulegeza kutu yaliyoachwa usiku kucha na kusogezwa mara nyingi. Utashawishiwa pia kuifupisha rodi kwa kukaza nati yake ili presha ipande. Presha itapanda kweli, lakini kosa halijaondoka, na ukija kuziba uvujaji uliokuwapo utajikuta na presha iliyozidi katika injini ya 1KZ, ambayo silinda hedi yake inajulikana kwa kupasuka ikipata joto kupita kiasi.

Wenye Subaru wana mtego wao: ndani ya mpira mwembamba unaotoka turbo kuna kipande kidogo chenye tundu finyu, kinachopunguza hewa inayofika kwenye kopo. Mpira huo ukibadilishwa na wa dukani na kipande kile kikatupwa pamoja na wa zamani, westigeti hufunguka mapema na presha hushuka. Kabla ya kutupa mpira wowote mwembamba, chungulia ndani yake.

Hatua ya nne: njia ya moshi

Moshi unaovuja kabla ya kufika kwenye turbo ni nguvu iliyopotea. Washa gari asubuhi likiwa baridi, usikilize mlio wa tiki-tiki unaofifia kadiri chuma kinavyopata moto na kutanuka, kisha utafute alama nyeusi za masizi kwenye gasketi ya manifoldi ya kutolea moshi, kwenye bolti zilizokatika, na mahali manifoldi inapokutana na turbo.

Baada ya turbo, tatizo hugeuka kuwa kuziba. Silensa iliyooza ndani huangusha vipande vinavyofunga njia, na kwa gari la petroli kataliza (kifaa cha kusafisha moshi) iliyoyeyuka hufanya vivyo hivyo. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kulegeza bomba mara tu baada ya turbo, kupanda mlima mfupi kwa kelele zote hizo, na kulinganisha kipimo. Presha ikirudi, umempata mkosaji. Usiendeshe hivyo kwa muda mrefu, na fungua madirisha, maana moshi huo ni sumu.

Kwenye injini yenye vali ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, hakikisha inafunga kabisa. Ikibaki wazi, moshi uliopaswa kuzungusha feni huchepuka, na presha ya hewa nayo hupata mlango wa kutorokea.

Hatua ya tano: sensa na mafuta

Gari linalosomeka kwa mashine za kisasa litakupa alama P0299, yenye maana kwamba presha ni ndogo kuliko kompyuta inavyotarajia. Alama hiyo inathibitisha tu kile ambacho geji imekwisha kukuambia. Toyota za zamani hutoa alama kwa kumwekesha taa ya injini baada ya kuunganisha kwa waya matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwenye kisanduku cha kukagulia. Angalia usikosee tundu.

Sensa ya presha ikiwa imejaa masizi, au mpira wake umeziba, kompyuta hupunguza mafuta ikidhani hewa haitoshi. Isafishe kwa kisafishaji cha vifaa vya umeme na kamwe usiichokonoe kwa waya. Kwa upande wa mafuta, badilisha filta ya dizeli kama hukumbuki ilibadilishwa lini. Injini inayopata dizeli kidogo hutoa moshi hafifu na turbo hulala. Dalili yake ni gari zito lisilo na moshi mweusi hata chembe, tofauti na gari linalovuja hewa, ambalo moshi wake ni mweusi kwa sababu mafuta yapo na hewa haipo. Tofauti hiyo ya moshi peke yake inaweza kukuokoa siku mbili za kazi.

Hatua ya sita: turbo yenyewe

Ukifika hapa bila kukuta kosa, sasa una haki ya kuishuku. Zima injini, iache ipoe, utoe mpira wa kuingilia, na umulike kwa tochi. Ncha za feni zisiwe zimeliwa wala kupinda, na ukuta unaoizunguka usiwe na mikwaruzo. Izungushe kwa kidole: iende kwa ulaini na isisimame ghafla. Mtikisiko kidogo wa upande kwa upande ni wa kawaida, kwa sababu shafti huelea juu ya utando wa oili ambao haupo injini ikiwa imezimwa. Feni ikigusa ukuta unapoisukuma, au shafti ikicheza mbele na nyuma kiasi cha kuhisiwa waziwazi, turbo imekwisha.

Ukiibadilisha, tafuta kilichoiua, la sivyo hata mpya itafuata njia ile ile. Mara nyingi ni oili: iliyochelewa kubadilishwa, au bomba jembamba la kuileta lililoziba kwa masizi. Badilisha oili na filta yake, safisha au nunua upya bomba hilo, na uhakikishe lile la kurudishia halijakunjika. Mimina oili safi ndani ya turbo kabla ya kuifunga, kisha, mafuta yakiwa yamekatwa, zungusha injini kwa stata hadi taa ya oili izimike ndipo uiwashe. Turbo ya mtumba ipimwe kwa njia hiyo hiyo mezani pa muuzaji kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Baada ya kila tengenezo

Rudia kipimo kwenye mlima uleule, kwa gia ileile, na kwa mizunguko ileile, kila mara unapobadilisha kitu kimoja, badala ya kubadilisha vitano na kupima mara moja. Andika namba na tarehe kwenye karatasi na uibandike ndani ya mlango wa dashibodi. Kaza upya klipu zote baada ya siku chache za mwendo, kwa kuwa mpira mpya hujibana ukipata joto, na klipu uliyoikaza vizuri Jumamosi huwa imelegea kufikia Jumatano.